Mfupa umeunga, mguu bado unavimba: kutunza vena baada ya kuvunjika mguu

Eksirei ikionyesha mfupa umeunga, mgonjwa hupewa mkono wa kwaheri na faili hufungwa. Miezi kadhaa baadaye ndipo anapogundua kwamba kila ikifika jioni kiatu cha mguu uleule kinambana, soksi inamwachia mfereji juu ya kifundo, na mguu unakuwa mzito. Wengi hudhani mfupa haukuunga vizuri. Mara nyingi mfupa hauna neno. Kilichosahauliwa ni vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, pamoja na kigimbi na kifundo vinavyozisaidia.

Mwongozo huu unaufuata mguu kuanzia siku za plasta hadi miaka ya baadaye. Unamhusu aliyevunjika paja, goti, muundi au kifundo, awe alifungwa plasta tu au aliwekewa vyuma. Ruhusa ya kukanyagia mguu hutoka kwa daktari anayekutibu. Zoezi lolote la kusimama lisubiri ruhusa hiyo.

Kinachoharibika

Damu hushuka mguuni kwa msukumo wa moyo, lakini kupanda inategemea kigimbi. Vena kubwa zimepita katikati ya misuli ya kigimbi. Ukikanyaga na kujisukuma kwa vidole, misuli hukaza, ikazikamua, damu ikapanda. Ndani ya vena mna vali, mfano wa milango inayofunguka upande mmoja tu, zinazozuia damu isirudi chini misuli inapolegea.

Mtu akisimama tuli, shinikizo ndani ya vena za kifundoni hufika milimita 80 hadi 90 za zebaki. Akitembea hatua chache kwa mguu wenye afya, hushuka chini ya 30. Pampu ikiwa dhaifu au vali zikiwa zimeharibika, shinikizo halishuki hata akitembea. Kwanza maji hupenya nje ya mishipa na mguu unavimba. Baadaye chembe nyekundu za damu hupenya pia, na chuma iliyomo ndani yake huiachia ngozi rangi ya kahawia. Miaka ikipita ngozi hukakamaa, na mwisho wa njia hiyo ni donda ndugu juu ya kifundo, aghalabu upande wa ndani.

Mvunjiko huanzisha mambo haya kwa njia zaidi ya moja. Ukuta wa vena huumia, damu hulala kwa sababu mguu haujongei, na mwili wenyewe huongeza kasi ya kugandisha damu baada ya jeraha. Vitu hivi vitatu vikikutana, donge la damu hujitengeneza kwa urahisi ndani ya vena. Donge likiyeyuka huacha makovu kwenye vali. Kati ya watu waliopata donge katika vena za ndani za mguu, asilimia 20 hadi 50 hubaki na mguu wa kuvimba na kuuma, na wengi huanza kuonyesha dalili ndani ya miaka 2 ya kwanza.

Lakini hata asiyepata donge hayuko salama. Wiki sita za plasta zinatosha kukondesha kigimbi na kukakamaza kifundo. Kifundo kisichokunja hakimpi kigimbi nafasi ya kujikaza hadi mwisho, kwa hiyo vena hazikamuliwi sawasawa ingawa zenyewe ni nzima. Hili ndilo linalosahaulika kuliko yote, nalo ndilo lililo mikononi mwa mgonjwa zaidi. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kifundo na kigimbi.

Hatua ya 1: Wakati mguu umefungwa

Kabla ya kutoka hospitali uliza mambo matatu na uyaandike: je, natakiwa kutumia dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa siku ngapi, na ni lini naruhusiwa kukanyagia mguu, kwa uzito kiasi gani. Aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga mara nyingi hupewa dawa hadi siku 35. Kwa mvunjiko wa chini ya goti uamuzi hutegemea mtu: umri, unene, saratani, historia ya donge, uja uzito, vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni. Kama una mojawapo ya hayo na hakuna aliyekuuliza, liseme mwenyewe.

Ukishaanzishiwa dawa hiyo, usinywe diklofenaki, ibuprofeni wala aspirini kwa uamuzi wako kwa ajili ya maumivu. Zikichanganyika nayo, tumbo linaweza kutoka damu. Parasetamoli ndiyo ya kuanzia. Anayetumia warfarini, mojawapo ya dawa za kuzuia damu kuganda, ajue kiwango chake cha INR, yaani kipimo kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda. Kwa tiba ya donge kinatakiwa kuwa kati ya 2 na 3.

Mguu uliofungwa bado una kazi ya kufanya. Kila saa ukiwa macho, kunja na kunjua vidole mara 20. Kama kifundo kimeachwa huru, kivute kuelekea kwako kisha kisukume mbele mara 20. Kaza paja hesabu tano kisha legeza, mara 10. Nyoosha goti uinue mguu wote kiasi cha shibiri moja juu ya kitanda, mara 10, kama daktari hakukuzuia.

Kuinua mguu kuna namna yake. Kifundo kiwe juu kuliko moyo, maana yake ulale. Kukaa kwenye kiti na mguu juu ya stuli hakutoshi, kwa sababu mguu bado uko chini ya kifua. Mto uanzie chini ya goti uende hadi kifundoni, kisigino kibaki hewani. Ukiweka mto mmoja nyuma ya goti tu, unaikunja na kuibana vena kubwa inayopita hapo, na kisigino kinabaki kikigandamiza kitanda hadi kipate kidonda. Dakika 20 hadi 30, mara 3 au 4 kwa siku.

Usikande wala usichue kigimbi kinachouma katika wiki hizi, kwa mafuta yoyote. Kama kuna donge, kuchua kunaweza kuling'oa likasafiri hadi kwenye mapafu.

*Dalili zisizosubiri kesho*

Maumivu yanayozidi huku dawa hazisaidii, vidole vyenye ganzi, vya baridi au vilivyobadilika rangi, na maumivu makali mtu mwingine akikunyoosha vidole: plasta inabana au shinikizo limepanda ndani ya misuli. Hilo ni suala la saa, si siku.

Kigimbi au paja kuvimba ghafla, kujaa, kupata joto na kuuma ukilibonyeza: fikiria donge. Kama mguu hauna plasta, tafuta kinundu cha mfupa kilicho chini kidogo ya kilegesambwa, shuka sentimita 10, upime mzunguko wa kigimbi, kisha upime mguu wa pili mahali palepale. Tofauti inayozidi sentimita 3 inaongeza uzito wa wasiwasi. Mguu uliovunjika huwa umevimba tangu mwanzo, kwa hiyo kinachotisha zaidi ni badiliko: jana ulikuwa hivi, leo umejaa. Kipimo ni altrasaundi ya vena, hakina maumivu.

Pumzi kukata ghafla, kifua kuchoma ukivuta hewa, kukohoa damu, mapigo ya moyo kwenda mbio au kuzimia: donge limefika kwenye mapafu. Nenda idara ya dharura moja kwa moja. Hatari hii ni kubwa zaidi katika miezi 3 ya kwanza baada ya mvunjiko, na inaweza kuja hata kwa mtu ambaye mguu wake haukuonyesha dalili yoyote.

Donge likithibitishwa, dawa hutumika kwa kawaida si chini ya miezi 3. Mtu akijisikia nafuu baada ya wiki tatu akaacha, donge linaweza kurudi, na donge la pili kwenye mguu uleule huongeza sana uwezekano wa kubaki na mguu mbovu.

Hatua ya 2: Kurudisha kifundo

Plasta ikitolewa, watu hukimbilia kutembea. Waanze na kukunja. Kabla ya ruhusa ya kukanyaga, kaa kitandani miguu imenyooka, pitisha taulo chini ya unyayo mahali vidole vinapoanzia, uvute kuelekea kwako kwa sekunde 30. Rudia mara 4, asubuhi na jioni. Fanya hivyo goti likiwa limenyooka, kisha goti likiwa limekunjwa kidogo. Kigimbi kina misuli miwili, mmoja umevuka goti na mwingine haukuvuka. Ukinyoosha kwa namna moja tu, mmoja unabaki umekakamaa.

Ukiruhusiwa kusimama kwa uzito wote, jipime ukutani:

1. Vua viatu. Simama ukitazama ukuta, mguu uliovunjika mbele, kidole gumba kikiwa sentimita 5 kutoka ukutani.
2. Sukuma goti mbele liguse ukuta, kisigino kikiwa sakafuni. Goti lielekee kidole cha pili. Likilalia ndani, unyayo unabonyea na kipimo kinakudanganya.
3. Likigusa, rudisha mguu nyuma sentimita 1 ujaribu tena. Endelea hadi pale goti linapogusa kwa taabu na kisigino kinataka kuinuka.
4. Pima kwa tepu kutoka ncha ya kidole gumba hadi ukutani. Fanya vivyo hivyo kwa mguu mzima.

Wengi wenye kifundo kizima hufika karibu sentimita 10. Kila sentimita 1 ni takriban nyuzi 3 hadi 4 za kukunja. Lengo ni mguu uliovunjika ukaribie mwenzake kwa tofauti isiyozidi sentimita 2. Pima mara moja kwa wiki, siku ileile, saa ileile, maana kifundo cha jioni kilichovimba hukunja kidogo kuliko cha asubuhi.

Sikiliza mahali unapozuiwa. Ukihisi mvutano nyuma, kwenye kigimbi au kano ya kisigino, hiyo ni nyama na inanyooka kwa mazoezi. Ukihisi kitu kinagota mbele ya kifundo, kama mfupa umekutana na mfupa, usilazimishe. Huenda kiungo kimekakamaa kwa ndani, mfupa umeota pembeni au skrubu inazuia, na hapo anahitajika mtaalamu wa fiziotherapia au daktari wa mifupa. Mtu anaweza kunyoosha kigimbi miezi sita bila kupata hata sentimita moja kwa sababu kizuizi hakiko huko.

Hatua ya 3: Kurudisha kigimbi

Zoezi kuu ni kuinua visigino, nalo lina ngazi. Anza ukiwa umekaa, miguu yote miwili, na baada ya siku kadhaa weka mzigo wa kilo 2 hadi 5 juu ya goti. Ukiweza seti 3 za mara 15 bila maumivu, hamia kusimama kwa miguu miwili ukishika meza. Kisha inuka kwa miwili ushuke kwa mmoja. Mwisho, mguu mmoja peke yake. Panda kwa sekunde 2, shuka kwa sekunde 3. Kushuka taratibu ndiko kunakojenga.

Siku tatu hadi nne kwa wiki zinatosha kwa mazoezi yenye mzigo, misuli ipate kupumzika. Alama ya kufika ni kuinua kisigino kwa mguu mmoja mara 20 hadi 25, kimo kilekile kama cha mguu mzima. Wengi huhesabu mara 25 lakini kuanzia ya kumi kisigino kinapanda nusu, au goti linajikunja kusaidia, au mwili unalalia meza. Hizo zisihesabiwe. Mwombe mtu akutazame kutoka nyuma: visigino vyote viende juu sawa, na mguu usilalie upande wa kidole kidogo.

Kisha kuna kuchechemea. Anayechechemea hukanyaga kwa unyayo bapa na kuuondoa mguu haraka kabla haujajisukuma. Kwa macho ni kasoro ndogo, lakini kwa vena ni kama kigimbi hakikufanya kazi kabisa katika hatua hiyo, na siku moja ina maelfu ya hatua. Kisigino kitangulie, uzito uviringike mbele, kidole gumba kimalizie kwa kusukuma. Kama huwezi bila kuchechemea, fupisha hatua au rudi kwenye gongo moja. Gongo hilo lishikwe mkono wa upande wa mguu mzima. Hakuna aibu ya kubaki na gongo wiki mbili zaidi. Tabia mbaya ya kutembea ikishazoeleka, kuiondoa ni kazi ya miezi.

Lengo la kutembea ni dakika 30, siku 5 kwa wiki. Zinaweza kugawanywa kumi kumi. Kutembea ndani ya maji yanayofika kifuani kunafaa sana kwa mwenye uvimbe mwingi, kwa kuwa maji yenyewe hubana mguu na kupunguza uzito, mradi majeraha yawe yamefunga.

Hatua ya 4: Kusoma uvimbe

Uvimbe baada ya kuvunjika kifundo unaweza kudumu miezi 6 hadi mwaka bila kuwa na ubaya. Kinachotakiwa ni upungue mwezi hadi mwezi. Pima kwa tepu sehemu mbili: juu ya mifupa ya kifundo pale palipo pembamba kuliko pote, na kigimbi sentimita 10 chini ya kile kinundu cha mfupa kilicho chini ya kilegesambwa. Pima asubuhi kabla ya kushuka kitandani na jioni kabla ya kulala, siku moja kwa wiki, uandike. Halafu bonyeza muundi kwa dole gumba sekunde 10. Kishimo kikibaki, kuna maji chini ya ngozi.

Uvimbe wa vena una tabia yake: hukua mchana, ukazidi kwa kusimama tuli au joto, na hupungua usiku ukilala. Ukiona tofauti na hapo, sababu ni nyingine. Usiopungua usiku, ukiwa umejaa hadi kwenye mgongo wa unyayo na vidole, na ngozi ya juu ya kidole cha pili ukashindwa kuifinya, huelekea kuwa wa limfu, yaani majimaji ya mwilini yaliyokosa njia ya kurudi. Miguu yote miwili ikivimba, tazama moyo, figo, ini, au dawa za presha kama amlodipini, ambayo huvimbisha vifundo vya watu wengi wasiokuwa na tatizo la vena hata kidogo. Wekundu, joto kali na homa ni maambukizi. Na mguu unaouma kupita kiasi hata kwa kuguswa na shuka, unaobadilika rangi na kutoka jasho peke yake, ni tatizo la neva linalohitaji tiba mapema.

Vidonge vya kukojosha havitibu uvimbe wa vena. Vinatoa maji mwilini mwote ilhali tatizo ni shinikizo ndani ya mguu mmoja.

Hatua ya 5: Soksi za kubana

Soksi hizi hubana zaidi kifundoni na kulegea kadiri zinavyopanda. Kwanza, zinafanya nini? Utafiti mkubwa uliofanywa Kanada na Marekani, ukachapishwa 2014, haukuona kwamba zinamzuia aliyepata donge asibaki na mguu mbovu baadaye. Kwa hiyo aliyepata donge lakini mguu wake haumsumbui hana sababu ya kujitesa nazo kwa hofu. Mwenye uvimbe, uzito au maumivu ya jioni hupata nafuu ya kweli, na mwenye ngozi iliyokakamaa au donda lililopona anazihitaji.

Kabla ya kuzivaa, hakikisha ateri, yaani mishipa inayoleta damu kutoka moyoni, ni nzima. Mguu usiopata damu ya kutosha ukibanwa unaweza kuoza. Dalili za kutilia shaka ni kigimbi kuuma ukitembea na kuacha ukisimama, unyayo wa baridi, vidole visivyoota nywele, na mapigo yasiyosikika juu ya mgongo wa unyayo. Daktari hupima presha ya kifundoni na kuigawanya kwa presha ya mkononi. Jibu likiwa chini ya 0.8, usivae bila usimamizi wa mtaalamu. Chini ya 0.5, usivae kabisa. Likizidi 1.3, hasa kwa mwenye kisukari au ugonjwa wa figo, huenda ateri zimekuwa ngumu na namba hiyo haiaminiki, kwa hiyo kinatakiwa kipimo kingine. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia za miguu awe mwangalifu zaidi, kwa sababu hatahisi soksi ikimkata.

Nguvu ya kubana hupimwa kwa milimita za zebaki. Uzito mdogo wa jioni: 15 hadi 20. Uvimbe wa wazi, au mguu unaosumbua baada ya donge: 20 hadi 30. Ngozi iliyokakamaa au donda lililopona: 30 hadi 40, kwa ushauri. Soma milimita, usisome daraja. Daraja la 2 la Uingereza ni 18 hadi 24, na daraja la 2 la Ujerumani ni 23 hadi 32. Neno ni moja, soksi ni mbili tofauti.

Kipimo kichukuliwe asubuhi kabla mguu haujavimba: mzunguko wa kifundo pale palipo pembamba, mzunguko wa kigimbi pale palipo pana, na urefu kutoka sakafuni hadi vidole viwili chini ya kikunjo cha nyuma ya goti. Soksi ya chini ya goti inatosha karibu kila mtu. Ya pajani huteremka, ikajikunja nyuma ya goti na kubana pale pasipotakiwa.

Kuvaa:

1. Vaa kabla ya kushuka kitandani, au lala kwanza na mguu juu dakika 15. Mguu uwe mkavu, bila mafuta.
2. Vaa glavu za mpira zenye vinundu, zile za kuoshea vyombo. Zinashika kitambaa vizuri kuliko kucha, na hazikitoboi.
3. Ingiza mkono ndani ya soksi, shika kisigino chake, uigeuze soksi ndani nje hadi hapo kisiginoni.
4. Ingiza unyayo, vuta hadi kisigino cha soksi kikae barabara kwenye kisigino chako. Kikikosea hapa, huko juu kote kutakosea.
5. Pandisha kidogo kidogo kwa viganja, usivute ukingo wa juu. Lainisha kila kunyanzi, hasa mbele ya kifundo, maana kunyanzi moja hapo hukata ngozi ikifika jioni.
6. Ukingo wa juu usikunjwe. Ukikunjwa unabana maradufu na kuzuia damu, jambo ambalo ndilo hasa ulilokuwa unalikimbia.

Vua wakati wa kulala. Fua kila siku kwa sabuni isiyo kali, maji ya vuguvugu, bila kilainisha nguo, uanike kivulini. Jua kali na pasi huua mpira wake. Kuwa na jozi mbili. Baada ya miezi 6 hivi soksi huwa imelegea hata kama inaonekana mpya. Ukiona imekuwa rahisi mno kuvaa, imekwisha.

Hatua ya 6: Ngozi

Paka mafuta ya mgando yasiyo na manukato kila jioni baada ya kuvua soksi. Manukato, na dawa za kupaka zenye antibiotiki, huleta mzio kwa urahisi sana kwenye ngozi ya aina hii. Muwasho na magamba juu ya kifundo ni ukurutu wa vena. Hutulia kwa krimu ya steroidi kwa muda mfupi aliopanga daktari, lakini hurudi kama uvimbe haukudhibitiwa.

Kila wiki tazama eneo la juu ya kifundo penye mwanga mzuri, upande wa ndani kwanza. Tafuta vishipa vyembamba vya bluu vilivyotandaa kama feni chini ya kifundo, rangi ya kahawia, mabaka meupe yaliyobonyea, na ngozi iliyokuwa laini ikawa ngumu kama imegandia mfupani. Rangi ya kahawia haiondoki. Iliyopo isikusononeshe, bali angalia kama inapanua mipaka. Ngozi kukakamaa ndiyo dalili nzito, na mtu asikae nayo bila kumwona mtaalamu wa mishipa.

Mchubuko wowote eneo hilo usiofunga ndani ya wiki 2 uende hospitali. Donda la vena haliponi kwa vidonge vya antibiotiki wala kwa unga wa kunyunyizia. Huponywa na bandeji za kubana zinazofungwa na aliyefundishwa, zikibadilishwa mara moja au mbili kwa wiki. Antibiotiki ni pale tu penye maambukizi: wekundu unaosambaa, usaha, homa. Donda lililo jirani na mahali palipowekwa vyuma lipigwe eksirei pia, kwa sababu usaha unaweza kuwa unatoka mfupani.

Miaka inayofuata

Kazi ya kusimama tuli ni mbaya kuliko ya kutembea. Kila dakika 20 hadi 30 inua visigino mara 15. Safari ya zaidi ya saa 4 inahitaji utembee kila saa au, ukishindwa, uchezeshe vifundo mara 20. Safari ndefu ndani ya miezi 3 ya kwanza ijadiliwe na daktari kabla ya kukata tiketi. Kupunguza uzito husaidia vena moja kwa moja, kwa kuwa tumbo kubwa huzikandamiza pale zinapoingia nyonga.

Kama uliwahi kupata donge, litajwe kila unapopangiwa upasuaji, ukiwemo wa kutoa vyuma, kila uja uzito tangu kliniki ya kwanza, na kabla ya kuanza vidonge vyenye estrojeni. Waliowekewa chujio la kuzuia donge lisifike mapafuni, ndani ya vena kubwa ya tumbo, wakati hawakuweza kupewa dawa waulize tarehe ya kulitoa. Likisahaulika linaweza lenyewe kusababisha donge.

Vena zilizotuna juu ya ngozi zikipasuka, damu hutoka nyingi hata kwa kidonda kidogo kama tundu la sindano. Lala chini, inua mguu juu ya moyo, bonyeza kwa kidole na kitambaa safi dakika 10 hadi 15 bila kufunua kuchungulia. Ikisimama, nenda hospitali siku hiyohiyo. Ikiendelea, ita msaada huku ukiendelea kubonyeza. Usifunge kamba juu ya kidonda, maana inazuia vena na kuongeza kutoka damu.

Anayetaka vena hizo zichomwe au ziondolewe ahakikishe kwanza amepigwa altrasaundi akiwa amesimama, na vena za ndani zimechunguzwa pamoja na za juu. Akilala, damu inayorudi nyuma inaweza isionekane. Na kama donge la zamani liliziba vena za ndani, huenda hizo zilizotuna ndizo njia pekee iliyobaki ya damu kurudi moyoni. Kuziondoa hapo kunauacha mguu katika hali mbaya kuliko ulivyokuwa, kwa hiyo daktari akuonyeshe kwenye ripoti kwamba za ndani ziko wazi kabla hujasaini fomu ya ridhaa.